Muulize Shangazi: Jumapili alasiri na watoto tisa

Bwana Yesu asifiwe, Shangazi. Naishi Walukuba, hapa Jinja. Mume wangu ni msomaji kanisani. Nyumbani tuna watoto tisa, saba tumewazaa na wawili ni wa marehemu wifi yangu. Mkubwa ni msichana wa miaka 16, mdogo ana mitatu. Dada yangu aliyeolewa Uingereza ana familia kubwa ya kanisani kama yetu, na kila Oktoba hututumia picha wakitembea msituni, majani mekundu na ya manjano yamefunika njia. Wanangu huziangalia mpaka simu inaisha chaji. Nami nataka tuwe tunatembea pamoja Jumapili baada ya ibada. Lakini majirani wanasema anayetembea bila safari amekosa nauli ya boda. Mume wangu akitoka nao huwauliza maswali ya katekisimu njia nzima. Binti yangu mkubwa hataki kabisa, anasema afadhali abaki apike. Na mvua nazo ndizo hizi. Nifanyeje?
Mama wa Tisa, Walukuba

Amina, mama. Katika barua yako kuna sentensi nimeirudia mara kadhaa, ile ya binti anayeona afadhali abaki apike. Naanza na yeye.

Msichana wa miaka 16 kwenye nyumba ya watoto tisa amekuwa akibeba wadogo mgongoni tangu mwenyewe akiwa mdogo. Ukimwambia “twende tukatembee,” yeye anaona atambeba wa miaka mitatu kwenda na kurudi, kisha aingie jikoni wakati wenzake wamenyoosha miguu. Mimi nimekulia katika nyumba kama hiyo, tena nilikuwa msichana wa kwanza, kwa hiyo namwelewa bila kumwona. Kabla hujachagua njia, panga jiko. Maharage yachemshwe Jumamosi usiku. Posho isongwe mkisharudi, na isongwe na wavulana, wana mikono. Mdogo abebwe na baba yake. Ndiyo, msomaji wa kanisa na mtoto mabegani, katikati ya Walukuba, watu wakiona. Binti aende mikono mitupu. Kama matembezi ya familia yanamtaka mmoja abaki na sufuria, basi hayo bado si ya familia.

Sasa nikuambie kwa nini nataka sana mtembee. Nyumba ikiwa na watoto tisa, kila mmoja humpata mama nusunusu: huku unamsikiliza, huku unachuja uji, huku mwingine analia. Wa katikati ndio hupotea, maana hawaumwi sana wala hawasumbui sana. Njiani mambo hubadilika. Wakubwa hutangulia na baba, wewe ukabaki nyuma na mtoto mmoja, leo huyu, Jumapili nyingine yule. Usimhoji. Tembea naye tu. Mkitazama mbele wote wawili, hakuna anayemkodolea mwenzake macho, na mtoto atakueleza habari za shule ambazo mezani hangethubutu. Nimewaona mabinti wakifungua mioyo yao kwa namna hiyo hatua chache kabla ya kufika nyumbani, mama akaona bora wazunguke tena mtaa mzima.

Kuhusu mume wako, mheshimu, anawapenda watoto wake na anataka wamjue Mungu. Msomee Luka 24 jioni moja, mkiwa wawili. Wanafunzi wawili wanakwenda Emau wakiwa na huzuni, Yesu anawakaribia, na jambo la kwanza analofanya ni kuuliza wanazungumza nini. Anawaacha waseme yote, hata yale waliyoyaelewa vibaya. Maandiko anawafafanulia baadaye. Mume wako naye aanze hivyo, na katekisimu aiwekee saa yake nyumbani. Wimbo mmoja mkitoka, sala fupi mkifika, panatosha.

Majirani nawapita upesi. Kila mwaka kabla ya tarehe 3 Juni, Waganda kwa maelfu hutembea kwa miguu hadi Namugongo kuwakumbuka mashahidi, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao mwaka 1886, wengine kwa siku nyingi, na hakuna anayewaambia wamekosa nauli.

Watoto wakiuliza kwa nini majani yetu hayageuki kama ya kwa mama yao mkubwa au mdogo kule Uingereza, waelezeni, wanaweza kuelewa. Kule mwezi wa kumi mchana unafupika na baridi inaingia, mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, na manjano iliyokuwa imefichwa chini yake inaonekana. Jinja iko karibu kabisa na ikweta, mchana wetu una urefu wa kama saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo miti haipati taarifa hiyo. Lakini tafuteni mkungu, ule mti wa kivuli wenye matawi yaliyotandazwa ngazi kwa ngazi. Majani yake hugeuka mekundu kabla ya kudondoka. Watoto waokote, na safari hii ninyi ndio mtume picha Uingereza. Wainue macho pia: mwezi huo wa kumi mbayuwayu wanakuwa wamefika wakikimbia baridi ya Ulaya.

Njia unayo karibu, nayo ni kuteremka Masese hadi ziwani. Kuna mitumbwi, kuna mukene, yaani dagaa, wameanikwa, kuna kaloli, wale korongo wakubwa wanaosimama kama wazee wa baraza, na wadogo hawatachoka kutazama. Hapo nakuwa mkali: mtoto asiingize mguu majini. Ukingoni hukaa konokono wanaobeba kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi bila mtoto kuhisi chochote. Wakishalowa kwa bahati mbaya, wapelekwe kituo cha afya wakapimwe. Na msikae ufukweni hadi giza liingie, viboko hutoka majini kula majani.

Tarehe 9 Oktoba ni sikukuu ya Uhuru, shule zimefungwa, na hiyo naiona siku ya kwenda chanzo cha Nile. Ulizeni kiingilio kwanza, maana ninyi ni kumi na mmoja. Maporomoko aliyoyaona Speke, yule mpelelezi Mwingereza, mwaka 1862 yalizama baada ya bwawa la Owen kujengwa na kufunguliwa 1954, lakini maji bado yanaondoka pale pale. Waambie watoto kwamba yanapita Sudan Kusini na Sudan, na kwamba yatachukua kama miezi mitatu kufika baharini Misri. Kisha waulizeni ni mtoto gani wa kwenye Biblia aliyewekwa ndani ya kisafina kando ya mto huohuo. Hilo mume wako aliulize yeye, atafurahi.

Mvua isiwazuie kutoka, iwafundishe tu kutazama anga upande wa ziwa. Mkisikia ngurumo hata ya mbali, ingieni kwenye jengo imara, kanisa au duka. Kamwe msijikinge chini ya mti wala kwenye kibanda kilicho wazi, radi za kwetu hazina mzaha. Matope ni matope, yataoshwa.

Barabarani mtembee upande unaoyaona magari yakija, mkubwa mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa miaka mitano hadi minane washikane mikono na wakubwa wao. Chukueni jerikeni ndogo ya maji yaliyochemshwa na karanga au ndizi za gonja. Jumapili ya kwanza isizidi nusu saa. Mgeuke wakati mdogo bado anacheka, hata kama wakubwa wanataka kuendelea.