Browns na kotabeki ajaye: yale machaguo mawili ya 2026 yasiende kwa mtu mmoja

Mkuu mleta uzi, umeuliza swali la maana. Kabla ya msimu wa 2025 Cleveland Browns, timu ya mpira wa Kimarekani (ligi ya NFL) ya hapa Ohio, walikuwa na machaguo mawili ya raundi ya kwanza kwenye drafti ya 2026, yaani ule mgawanyo wa vijana wanaotoka chuo, moja lao wenyewe na lingine walilopata kwa timu ya Jacksonville, je wayafunge pamoja wapande juu kwenye foleni ya kuchagua wakamchukue kijana wa chuo, au wayapeleke kwa timu nyingine waletewe kotabeki aliyekwisha komaa? Wengi waliochangia hapo juu wamesema leta mtu mkubwa, tajiri ana hela. Mimi naishi Ohio, hii timu naifuatilia mwaka hadi mwaka, na jibu langu ni hapana kwa zote mbili, naomba mnivumilie maana ni refu kidogo.

Kwa ambao mpira huu mnaupitia juu juu, kotabeki ndo anapokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza, ndo anaamua arushe kwa nani au ampe mwenzake akimbie nao, timu isiyokuwa naye wa kueleweka inateseka hata kama ulinzi wake ni moto. Sasa huku usajili sio kama wa Simba na Yanga kwamba tajiri akiamka vizuri anashusha mtu. Kuna kikomo cha mishahara, mwaka 2025 kilikuwa dola milioni 279.2, sawa kwa timu zote 32. Na vijana wanaotoka chuo wanagawanywa kwa drafti ya raundi saba, aliyeshika mkia anaanza kuchagua. Kwa hiyo meneja mkuu ana vitu viwili tu mkononi vya kujengea timu, nafasi chini ya kikomo na machaguo ya drafti. Hela ya tajiri mfukoni haisaidii sana. Hiyo "hela ipo" mnayosema, wakuu, ndo kitu ambacho hakipo.

Na hapa kuna jambo ambalo naona wengi wanaliruka. Mwaka 2010 Sam Bradford alichaguliwa namba moja na Rams walipokuwa St. Louis, akapewa mkataba wa miaka 6 wa dola milioni 78, milioni 50 kati ya hizo za uhakika, na hapo hajarusha mpira hata mmoja kwenye ligi. Mwaka uliofuata ligi na chama cha wachezaji wakasaini makubaliano mapya, mishahara ya chipukizi ikapangiwa viwango, Cam Newton akachaguliwa namba moja na Carolina akapata miaka 4 kwa dola milioni 22. Umeona hiyo tofauti ya mwaka mmoja? Tangu hapo kotabeki mchanga aliye mzuri ndo kitu cha bei nafuu kuliko vyote kwenye huu mchezo. Caleb Williams wa Chicago, namba moja wa 2024, ni kama milioni 10 kwa mwaka, wakati Dak Prescott wa Dallas mwaka huohuo kasaini kwa wastani wa milioni 60. Tofauti milioni 50 kila mwaka. Myles Garrett wetu, mmoja wa wazuiaji bora kabisa wa mashambulizi ya wapinzani kwenye ligi, Machi 2025 kasaini kwa wastani wa milioni 40. Maana yake ukiwa na kijana anayecheza kama mkubwa unamlipa Garrett mzima na milioni 10 zinabaki za kutafutia mtu wa kumlinda huyo kijana.

Sasa tuje kwa Watson maana ndo jeraha lenyewe. Machi 2022 Browns walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza, ya 2022, 2023 na 2024, na mengine ya chini, kumchukua Deshaun Watson kutoka Houston, alafu wakampa dola milioni 230 kwa miaka 5, zote za uhakika, yaani acheze asicheze zinaingia. Na wakati wanafanya hivyo wanawake zaidi ya 20 walikuwa wamemfungulia kesi za madai ya udhalilishaji wa kingono, yeye akikana. Ligi ikamfungia mechi 11 na faini ya milioni 5. Kazini kwetu kuna akina mama waliokuwa na hii timu tangu utotoni na mwaka ule waliacha kabisa kuvaa jezi, na mimi nasema walikuwa na haki yao, hilo nalo ni gharama japo haliandikwi kwenye vitabu vya mishahara. Uwanjani? Misimu mitatu, mechi 19. Oktoba 2024 kano ya kisigino ikakatika, Januari 2025 ikakatika tena.

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yupo Houston na ni shabiki wa Texans kufa, kwa hiyo ule mkataba tumeufuatilia kutoka pande mbili. Angalieni upande wao walifanya nini. Kotabeki wao mpya, C.J. Stroud, walimchukua na chaguo lao wenyewe namba 2 mwaka 2023. Chaguo letu namba 12 wakalitumia kama sehemu ya malipo ya kupanda hadi namba 3 na kumchukua Will Anderson, mzuiaji kama Garrett. Msimu ule Stroud akawa chipukizi bora wa ushambuliaji na Anderson wa ulinzi. Januari 2024 tukakutana nao hatua ya mtoano, Houston 45 Cleveland 14. Mdogo wangu alinipigia simu kabla hata mechi haijaisha. Tulikuwa tunafungwa na machaguo yetu wenyewe, na Watson yupo pembeni na bega limefanyiwa upasuaji.

Na aliyetufikisha huko kwenye mtoano nani? Joe Flacco, miaka 38, aliyekuwa nyumbani hana timu hadi Novemba. Akaja akashinda mechi 4 kati ya 5 alizoanza, kwa hela ndogo kabisa. Mtaa mzima ulikuwa umechangamka, wale wenzangu Wakongo pale ghalani ambao mpira huu hawakuwa na habari nao walianza kuuliza huyu mzee anacheza lini tena. Sisemi Flacco ndo jibu la miaka kumi ijayo, nasema angalieni alichokikuta: kocha aliyekaa msimu wa nne, mfumo unaoeleweka, wapokeaji wazuri, ulinzi imara. Timu ikiwa imesimama hata mzee aliyetoka sebuleni anaonekana mzuri.

Kinyume chake nacho tumekiona. Mwaka 1999 Browns waliporudi kwenye ligi walimchagua Tim Couch namba moja wakamweka nyuma ya ukuta usiokuwepo, yaani wale wa mbele wanaomlinda kotabeki, msimu wa kwanza akaangushwa na wapinzani akiwa na mpira mara 56. Houston nao 2002 walipoanzisha timu wakamfanyia David Carr hivyohivyo, mara 76, rekodi hadi leo. Hawa vijana hawakukosa kipaji. Alafu Baker Mayfield, namba moja 2018, ndani ya misimu mitatu alikuwa na makocha wakuu wanne: Hue Jackson, Gregg Williams wa muda, Freddie Kitchens, Kevin Stefanski. Alipopata kocha wa kueleweka, 2020, tukashinda mechi 11 na tukawafunga Steelers 48-37 kwao Pittsburgh kwenye mtoano. 2021 akaumia bega, akaendelea kucheza nalo hivyohivyo, matokeo yakashuka, na timu ikaamua kwamba tatizo ni yeye. 2023 akaenda Tampa kwa mkataba wa mwaka mmoja wa milioni 4, akachukua ubingwa wa kundi miaka miwili mfululizo. Sam Darnold naye, wa drafti hiyohiyo, Jets walimwona hafai, 2024 kashinda mechi 14 na Minnesota.

Kwa hiyo watu wanaposema "drafti ni kamari" mimi nakubali nusu. Ni kweli hakuna anayejua. 2021 walichaguliwa makotabeki watano kwenye nafasi 15 za kwanza, na hadi msimu wa 2024 unaanza ni Trevor Lawrence peke yake aliyebaki kwenye timu iliyomchagua. Miaka mitatu tu! Lakini kama hakuna anayejua, basi ndo sababu ya kutoweka kila kitu kwa mmoja. San Francisco mwaka huo walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza kupanda hadi namba 3 kumchukua Trey Lance, akaishia kuuzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Mwaka uliofuata wakachukua mtu wa mwisho kabisa wa drafti nzima, namba 262, Brock Purdy, wakati huo akilipwa chini ya milioni moja kwa mwaka, akawafikisha Super Bowl, fainali ya ligi. Walinusurika kwa sababu timu ilikuwa na kila kitu kingine. Timu kama yetu ikikosea hivyo inalala miaka mitano, na ndo tulipo.

Najua mtu atasema mbona Rams. Sawa, Rams 2021 walitoa kotabeki wao Jared Goff, machaguo mawili ya raundi ya kwanza na moja la raundi ya tatu wakamchukua Matthew Stafford, msimu uleule wakabeba Super Bowl. Lakini Rams walikuwa na mzuiaji Aaron Donald, wana mpokeaji Cooper Kupp, wana kocha Sean McVay, walikuwa tayari wamefika fainali na huyohuyo Goff. Walikosa kitu kimoja wakakinunua. Denver wakaiga mwaka mmoja baadaye kwa Russell Wilson, machaguo mawili ya kwanza, mawili ya pili, wachezaji watatu, mkataba mpya wa milioni 245, wakashinda mechi 5 msimu wa kwanza na Machi 2024 wakamwacha aende huku milioni 85 zikiendelea kuhesabiwa kwenye kikomo chao. Na sikilizeni hii, msimu huohuo wa 2024, wakiwa bado wanabeba huo mzigo, wakamchukua Bo Nix namba 12, wakamweka chini ya kocha Sean Payton, nyuma ya ukuta mzuri, wakaingia mtoano. Kwangu hilo ndo jibu la wanaosema mkataba wa Watson lazima uishe kwanza ndo tuanze kujenga. Hapana, unaweza kuanza leo, ila kwa kijana wa bei ndogo.

Wanaonifurahisha zaidi ni Kansas City. 2016 walishinda mechi 12 na Alex Smith, kotabeki mzuri tu asiye na makeke, watu wengi wangetulia. Wao 2017 wakapanda kutoka 27 hadi 10 kumchukua Patrick Mahomes, wakalipa chaguo la kwanza la mwaka uliofuata na la raundi ya tatu, alafu wakamkalisha benchi msimu mzima, kaanza mechi moja tu. Walimtafuta wakati hawana njaa naye. Green Bay nao Jordan Love kakaa nyuma ya Aaron Rodgers misimu mitatu. Browns huo uvumilivu hatujawahi kuwa nao, tangu 1999 makotabeki walioanza mechi ni wengi mno hadi watu wanachapisha jezi yenye majina yao yote mgongoni.

Ila nisieleweke kwamba ukuta wa mbele peke yake unatosha, maana Joe Thomas, mlinzi wa makotabeki wetu, alisimama pale kushoto kuanzia 2007, mara 10,363 mfululizo mpira ukianzishwa bila kutoka uwanjani, yupo kwenye nyumba ya magwiji sasa, na hakuwahi kucheza mtoano hata mechi moja. Alilinda makotabeki karibu 20 na kila mwaka mwingine, kila baada ya muda kocha mwingine. Mlinzi bora bila mtu wa kulindwa ni majonzi matupu, kwa kweli yule baba alistahili zaidi.

Kwa hiyo mkuu, ushauri wangu kabla ya msimu wa 2025 ulikuwa huu: mpira uanze kwa Flacco. Kambini Berea wakati huo walikuwepo wanne, yeye, Kenny Pickett, na chipukizi wawili Dillon Gabriel na Shedeur Sanders, hao vijana wapewe mechi msimu ukifika katikati, bila kelele za nani katoka familia gani (baba yake Sanders ni gwiji wa ligi, Deion Sanders). Kocha asifukuzwe kwa sababu ya vijana kukosea, watakosea. Drafti ya 2026 ikija, chaguo moja liende kwa mlinzi wa mbele, hilo silijadili, ukuta wetu ulikuwa umezeeka. Lingine, kama kuna kijana ambaye kocha atakayemfundisha anamtaka kwa moyo wake, na yupo pale tutakapochagua au nafasi chache juu, achukuliwe na akae nyuma ya mzee hata nusu msimu. Kama hayupo, msilazimishe, chukueni mchezaji mwingine mzuri na kotabeki wa raundi ya tatu, na mwaka unaofuata tena. Kupanda hadi namba moja kwa kutoa yote mawili pamoja na la 2027, hapana. Kumnunua mtu wa miaka 33 aliyechokwa kwao na mkataba wa milioni 50, hapana kabisa.

Na yule aliyeuliza hapo juu kama Sanders ndo mwenyewe: kachaguliwa namba 144, raundi ya tano, mkataba wake ni mdogo, hajatugharimu chaguo la kwanza la mwaka wowote. Nilisema acheze tumwone. Akiweza, tungekuwa na miaka mitatu ya kujenga kila kitu kumzunguka kwa ile hela ambayo tungemlipa mkubwa, na akishindwa yale machaguo mawili yangekuwa bado yapo mezani.