Baada ya 1.9 lazima ije 2.0?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Tupo watu watatu tunatengeneza programu huria ya kupanga mafaili, kila mtu anafanya akipata nafasi. Vesheni 1.9 tulitoa mwaka juzi, inayofuata imekwama kwa sababu kuna kipengele cha kutafuta maneno ndani ya faili hakiishi, na watu wanalalamikia bagi (kasoro za programu) ambazo tulisharekebisha kitambo ila hatujatoa. Halafu mwenzetu mmoja anasema baada ya 1.9 lazima iwe 2.0, ni kweli?

JIBU: Nianze na namba maana ndo nyepesi. Hapana ndugu yangu, sio lazima. Ile nukta sio ya desimali, inatenganisha tu, kwa hiyo baada ya 1.9 inakuja 1.10 na hata 1.25 mkifika huko. Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, ilifika 2.6.39 ndo ikarukia 3.0 mwaka 2011, na Linus Torvalds mwenyewe, aliyeianzisha, alisema wazi hakuna kikubwa kilichobadilika. Ila nyie msiige hiyo. Miradi mingi inatumia namba tatu: ya kwanza inapanda mkivunja kitu, yaani mtu akiapdeti vitu vyake vya zamani vinagoma, ya kati mkiongeza kitu bila kuharibu vilivyopo, ya mwisho ni ya bagi tu.

Sasa hizo bagi zenu ni 1.9.1, na mngeitoa zamani sana! Hapa kwa kweli ndo pananiuma, mtu anahangaika na tatizo ambalo dawa yake imelala kwenye kompyuta zenu, eti inasubiri kipengele ambacho wala hakijui.

Kuhusu ratiba, msingoje kipengele, shikeni tarehe, kisichokuwa tayari kisubiri toleo lijalo. Ubuntu, mfumo wa kompyuta uliojengwa juu ya Linux, wanatoa kila Aprili na Oktoba tangu 2004, na namba ni mwaka na mwezi, ndo maana kuna 24.04. Kuchelewa walichelewa mara moja, 2006, ya Aprili ikatoka Juni ikaitwa 6.06, lakini walitangaza kabla. Python, lugha ya kuandikia programu, nao siku hizi ni mara moja kwa mwaka, Oktoba. Kwa watu watatu wanaojitolea mimi ningesema miezi sita, kila mwezi mtachoka mtaacha.

Halafu wiki tatu za mwisho fungeni mlango, hakuna kuingiza kipya, ni kurekebisha bagi tu na kutoa vesheni ya majaribio watu waijaribu. Hicho cha kutafuta kikae kwenye tawi lake pembeni, yaani nakala ya kodi mnayoifanyia kazi kando, mpaka kiive, kisiguse tawi kuu, maana kikishaingia nusunusu mtarudi palepale mlipokwama.

Kwa hiyo wiki hii toeni 1.9.1, na tarehe ya 1.10 iandikeni mahali watumiaji wataiona. Na huyo mwenzenu msimpuuze, kama hicho kipengele kitabadilisha namna programu inavyohifadhi taarifa mpaka za zamani zisisomeke, hapo yuko sahihi, ni 2.0.