Kubwagwa ukutani: jibu kwa mwanangu

Mwanangu Zuhura,

Barua yako nimeipata, nasi huku hatujambo. Umeniandikia kwamba wewe na wenzako wa chumba mmemaliza vipindi vyote 24 vya katuni ya Kijapani High Score Girl, kwamba mmeanza kucheza gemu ya kupigana ya Street Fighter 6, wewe ukamchagua mpiganaji Guile kwa sababu ya Haruo, kijana wa katuni hiyo, na kwamba umejiandikisha katika mashindano ya chuo mwisho wa mwezi. Kisha likaja swali lenyewe. Mwenzio anakubana ukutani, yaani mwisho wa uwanja, anakubwaga, ukiinuka anakubwaga tena, mara tatu, mara nne. Unauliza kama huo si mchezo mchafu, ule ule uliomfanya yule msichana Akira amtie Haruo ngumi mwanzoni mwa hadithi. Na kama si mchafu, utokeje?

Nianze na Akira, maana hasira yake ilikuwa na sababu, ila sababu hiyo ni ya mashine za wakati wake.

Hadithi inaanza 1991, mwaka ambao kampuni ya Capcom ilitoa Street Fighter II katika kumbi za gemu za Japani. Unatia sarafu ya yeni 100, ukishindwa unainuka, aliyeshinda anabaki kitini bila kulipa tena. Katika toleo lile la kwanza, kubwaga hakukuwa na maandalizi yoyote. Ukishakuwa karibu, unasukuma jostiki na kubonyeza ngumi nzito, mwenzako yuko hewani papo hapo. Hakukuwa na namna ya kujinasua. Basi mtu alikuwa anarusha ngumi nyepesi, mwenzake anajikinga, na kinga ikiisha tu keshasogelewa na kubwagwa. Aliyebwagwa alibaki na kubahatisha kwa wakati finyu mno, na sarafu ikaenda. Capcom yenyewe ilikuja kuweka njia ya kupunguza maumivu ya bwago mwaka 1994, katika Super Street Fighter II Turbo. Kabla ya hapo wachezaji walijitungia adabu yao, na katika kumbi nyingi mtu wa kupiga kidogo halafu kubwaga alitazamwa vibaya. Guile naye alikuwa na sifa yake mbaya. Wajapani walikuwa na jina maalumu la Guile anayechutama mbali, akarusha Sonic Boom, lile pigo lake la kurusha kwa mbali, akangoja urukie ili akupige teke la kupinduka. Walimwita Guile wa kungojea.

Akira anacheza Zangief, mtu mzito wa mwendo wa polepole, asiye na cha kurusha. Haruo anamfanyia yote mawili, kungojea na kubwaga. Kwa sheria ya mashine hakukosa. Alivunja adabu ya ukumbi, na mimi naona Akira alikuwa na haki ya kukasirika (ngumi sikubaliani nayo). Ila usiichukue adabu ile ukaipeleka kwenye Street Fighter 6. Gemu hii imetengenezwa ikijua kwamba watu watabwagana, na kila bwago lina jibu lililowekwa humo kwa makusudi. Mwaka 2023 katika mashindano ya Evo kule Las Vegas, gemu hii peke yake iliandikisha wachezaji zaidi ya 7,000, akashinda AngryBird wa Falme za Kiarabu akicheza mpiganaji Ken. Katika ngazi ile kubwagana ukutani ni jambo la kila raundi na hakuna anayenuna, kama vile kwenye bao usivyonuna kwa kuliwa kete ulizoziacha wazi.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndiyo itakayokutoa ukutani.

Sekunde 1 ya gemu ina fremu 60, yaani picha 60 zinazofuatana. Bwago la kawaida linaanza kushika fremu ya 5, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Jicho na kidole cha binadamu vinahitaji fremu 12 au zaidi kuona jambo na kulijibu. Kwa hiyo usijilaumu kwamba huna kasi. Hakuna mtu anayeliona bwago likija akalijibu. Jibu linaamuliwa ungali umelala chini.

Guile ana uhai wa 10,000. Bwago moja linakula 1,200. Mabwago manane ni 9,600, bado hujafa. Ila ukikosea kwa kubonyeza ovyo ukapigwa kombo, yaani mapigo mfululizo, ni 3,000 kwenda juu, na akimalizia na pigo lake kuu ni zaidi ya hapo. Hiyo tofauti ndiyo wanaoanza hawaioni. Bwago linaudhi, linaonekana kama aibu, basi mtu anafanya lolote ili asibwagwe, na lile lolote ndilo linalomuua.

Unapoinuka ukutani, aliye mbele yako ana mambo matatu ya kufanya. Anaweza kupiga. Anaweza kubwaga. Anaweza kurudi nyuma nusu hatua akangoja ukosee. Hiyo wachezaji wanaiita shimi. Wewe una haya.

Ukijikinga tu, pigo limezuiwa na shimi haina cha kuadhibu, ila bwago linakupata. Ukibonyeza ngumi nyepesi na teke jepesi kwa pamoja, unajinasua kwenye bwago. Lakini akiwa amerudi nyuma, mikono yako inashika hewa, na hapo ndipo pana hatari: baada ya kushika hewa unakaa fremu 23 huwezi kujikinga wala kusogea. Kwa mtu anayekungoja, fremu 23 ni muda wa kukuchagulia kombo lake zito kuliko yote. Ukiruka, fremu 4 za kwanza miguu ingali chini lakini hubwagiki tena, basi bwago lake linapita patupu. Akiwa amepiga badala ya kubwaga, anakudaka. Kupangua kwa ngumi ya kati na teke la kati kunazuia kila pigo, ila ukibwagwa ukiwa unapangua maumivu yanaongezeka, kwa hiyo kwa mtu anayependa kubwaga usipangue kabisa.

Guile wako ana jingine: teke la kupinduka la nguvu zaidi, lile la kubonyeza mateke mawili. Linapita ndani ya pigo na ndani ya bwago. Linakula vipande 2 kati ya 6 vya geji ya Drive, ile akiba ya nguvu za mpiganaji. Shikilia chini-nyuma (mwelekeo wa chini na nyuma kwa pamoja) tangu unaanguka, usiachie, ili ukiinuka liwe tayari. Kisha juu na mateke. Akijikinga, utashuka kutoka juu mwili wazi na utalipa sana. Basi lisizidi mara moja kwa raundi, na lisitumike kamwe geji ikiwa imebaki kidogo. Geji ikiisha kabisa ukiwa ukutani, mwenzio akikugonga kwa Drive Impact, pigo zito linalotumia geji hiyo, hata ukijikinga unazimia.

Na kuna njia ya katikati, ambayo ndiyo nataka uijue kuliko zote: jikinge kwanza, kisha jinasue ukichelewa kidogo. Unashikilia chini-nyuma, unaacha kitambo kifupi kipite, ndipo unabonyeza ngumi nyepesi na teke jepesi. Akiwa amepiga mapema, bado uko kwenye kinga na ubonyezaji wako hautoki. Akiwa amebwaga, unajinasua. Inashindwa na shimi, na inashindwa na pigo lililocheleweshwa, hayo tu. Wengi wanaikosea kwa haraka. Wanabonyeza sekunde ile ile wanayoinuka, hapo imeshakuwa bwago la kawaida na pigo la mapema linawavunja.

Lakini kabla ya yote hayo, mwangalie mwenzio. Mtu anayekubwaga mara nne mfululizo bado hajakuonyesha kwamba anajua kurudi nyuma. Anabwaga kwa sababu hujawahi kumlipisha. Mara ya pili tu akikubana, ruka juu wima na ushuke na teke zito kichwani mwake huku mikono yake ikiwa imeshika hewa, ufuatishe kombo. Atasita. Akishaanza kusita ndipo hizo njia nyingine zinakuwa na maana. Kama ni mimi, katika mara 10 za kuinuka mbele ya mtu ambaye simjui, ningejikinga tu mara 4, ningechelewa kujinasua mara 4, ningeruka mara 1, na ile moja iliyobaki ningeikubali iwe teke la kupinduka kama geji imejaa.

Kuna jambo la Guile mwenyewe ambalo katuni inakuficha. Yule Guile anayemshauri Haruo kichwani anakufundisha kungoja, nawe umeshika somo hilo sana. Unashikilia chini-nyuma karibu muda wote ili kuchaji (kuweka mapigo yako tayari), kila ukirusha Sonic Boom unarudi hatua moja, na baada ya sekunde 20 umejipeleka ukutani mwenyewe. Rusha Sonic Boom kwa ngumi nyepesi, ile inayokwenda polepole, kisha tembea nyuma yake. Mwenzio akiwa anajishughulisha nayo, wewe umeshapata nusu ya uwanja. Utapoteza chaji kwa muda mfupi. Haidhuru, simama pale ulipofika ndipo uchaji tena.

Mazoezi usiyafanye kwa kupigana na watu tu. Ingia chumba cha mazoezi, washa mstari wa fremu chini ya skrini, jiweke ukutani, kisha mrekodi yule kikaragosi mambo matatu: bwago mara tu unapoinuka, teke la kati la chini mara tu unapoinuka, na kurudi nyuma nusu hatua akifuatisha pigo zito. Mwambie ayatoe bila mpangilio. Dakika 20 kwa siku zinatosha. Siku tatu za kwanza zima ile rekodi ya tatu, ufanye kuchelewa kujinasua peke yake mpaka kidole kitulie. Ukiianza shimi mapema mno utaogopa kujinasua kabisa, na hofu hiyo ni ngumu kuiondoa.

Kuhusu siku ya mashindano, mambo machache yanayowaangusha watu bila hata kupigana.

Pedi yako ya PS5 ukiiunganisha kwa waya, bado inaweza kuwa inazungumza na mashine kwa Bluetooth. Ingia kwenye mipangilio, vifaa, pedi, njia ya mawasiliano, uchague waya wa USB. Ukishachagua hivyo pedi ikakatika, waya wako ni wa kuchaji tu, hauna nyaya za data ndani. Tafuta mwingine, urefu wa mita 3 ili usivutane na meza. Ukimaliza mechi, itenganishe pedi yako na mashine ile. Pedi iliyobaki imeunganishwa, mtu akiigusa mkobani, inasitisha mchezo wa wengine, na kwa desturi ya mashindano mengi aliyesitisha anapoteza raundi. Ukikaa, kabla ya chochote, jaribu vitufe vyote. Mechi ikishaanza na ngumi yako iko mahali pa teke, mwenyewe umekubali.

Runinga wanayotumia, waombe waiweke kwenye hali ya gemu. Picha iliyopambwa na runinga inachelewa fremu kadhaa, na kule kuchelewa kujinasua ulikokuzoea nyumbani kutakutoka. Katika gemu yenyewe washa chaguo la kupunguza ucheleweshaji.

Mfumo utakuwa wa kushindwa mara mbili ndipo unatoka. Wakiwa watu 16, zinachezwa mechi 30, au 31 ikiwa fainali itarudiwa. Maana yake ni kwamba mechi ya kwanza ukipoteza hujatoka, umehamia upande wa chini ambako mechi ni nyingi na zinafuatana. Beba maji na kitu cha kutafuna. Baada ya kila gemu ndani ya mechi, aliyeshindwa ndiye anaruhusiwa kubadilisha mhusika, mshindi anabaki na wake. Wewe usibadilishe. Baki na Guile.

Ukibwagwa siku hiyo, na utabwagwa, shikilia chini-nyuma ukumbuke kwamba umepoteza 1,200 tu. Kisha uinuke kwa jibu ulilolichagua ungali chini.

Mechi utakazozicheza mtandaoni kabla ya hapo, cheza kwa waya wa intaneti, usicheze kwa Wi-Fi, na uhifadhi zile ulizoshindwa. Unaweza kuifungua rekodi, ukaisimamisha pale unapoinuka ukutani, ukashika usukani mwenyewe na kujaribu jibu jingine dhidi ya mkono ule ule wa mwenzio. Nichagulie mbili, zile zilizokuuma zaidi, uniandikie katika kila moja ulikuwa umeamua kufanya nini ulipokuwa umelala chini. Nikiziona nitakujibu.

Wasalimie wenzako wa chumba.

Mama yako