Saini ya barua pepe ikikataliwa, tazama kwanza herufi sita za mwisho

Mara ya kwanza kuweka DKIM, saini ya kidijitali inayomthibitishia mpokeaji kwamba barua imetoka kweli kwenye kikoa chako, nilipoteza siku mbili nikihangaika na seva ambayo haikuwa na kosa lolote. Nilitengeneza ufunguo wa biti 2048, nikaacha wa siri kwenye seva, nikabandika ule wa umma kwenye paneli ya DNS, daftari la mtandao ambako mpokeaji huuchukua ili kukagua saini; paneli ikanijibu kwamba imehifadhi. Nikatuma barua ya majaribio, saini ikakataliwa. Nikatengeneza ufunguo mwingine, nikawasha seva upya, nikapitia usanidi mstari kwa mstari. Ikakataliwa tena. Kumbe paneli ilikuwa imekata ufunguo kwenye herufi ya 255, ikanyamaza.

Tangu siku hiyo, mtu akiniletea shida ya saini simuulizi chochote kuhusu seva yake mpaka nione rekodi kama anavyoiona mpokeaji. Nawe anzia hapo. Fungua chanzo kamili cha barua iliyokataliwa, utafute heda ya DKIM-Signature. Humo mna d=, yaani kikoa kilichotia saini, na s=, yaani selekta, jina la ufunguo uliotumika. Kama selekta ni barua1 na kikoa ni example.com, andika kwenye terminali amri ya dig, inayoiuliza DNS:

dig +short TXT barua1._domainkey.example.com

Paneli usiiamini. Yenyewe hukuonyesha ulichoandika. Dig hukuonyesha kilichofika nje.

Kisa cha 255 ni hiki. Rekodi ya TXT hubeba maandishi kwa vipande, na kila kipande hutanguliwa na baiti moja inayotaja urefu wake. Baiti moja haihesabu zaidi ya 255. Ufunguo wa umma wa RSA, aina inayotumika hapa, wa biti 1024, ukiandikwa kwa base64, yaani baiti zikigeuzwa kuwa herufi za kawaida, una herufi 216, kwa hiyo unaenea kwenye kipande kimoja. Wa biti 2048 una herufi 392, hauenei. Ndiyo maana hutakosa mtu wa kukushauri urudi kwenye 1024 ili mambo yaende. Yataenda kweli, lakini utakuwa umekimbia tatizo la kubandika maandishi kwa kudhoofisha kufuli. RFC 8301, waraka wa viwango vya mtandao wa mwaka 2018, inataka anayetia saini asishuke chini ya 1024, na inahimiza 2048. Chini ya 1024 ni hatari tupu: mwaka 2012 mwanahisabati Zachary Harris aliuvunja ufunguo wa biti 512 uliokuwa ukitumiwa na Google, akamwandikia mmoja wa waanzilishi wake barua iliyoonekana imetoka kwa mwenzake.

Dawa ni kugawa ufunguo vipande viwili ndani ya rekodi moja, kila kipande na alama zake za nukuu:

"v=DKIM1; k=rsa; p=MIIBIjANBgkqhkiG9w0B…" "…IDAQAB"

Mpokeaji huviunganisha bila kuacha nafasi katikati. Wanaoanza wengi hapa hufungua rekodi mbili za TXT zenye jina moja, nusu huku na nusu kule. Hizo haziungani, na DNS haikuahidi itarudisha ipi kwanza. Angalia pia kama paneli yako huongeza kikoa yenyewe mwishoni mwa jina, maana utajikuta na barua1._domainkey.example.com.example.com, na hapo mpokeaji atasema hakuna ufunguo kabisa.

Kuhesabu herufi 392 kwa kidole hakuna haja. Ufunguo wa 2048 huanza na MIIBIj na huishia IDAQAB. Wa 1024 huanza na MIGfMA nao huishia vilevile IDAQAB. Mkia huo ni namba 65537, ambayo karibu funguo zote za RSA huibeba mwishoni. Mkia usipouona, ufunguo umekatwa. Usitafute mchawi kwingine. Ukiuona na bado saini inakataliwa, toa ufunguo wa umma kutoka kwenye ule wa siri ulioko kwenye seva, kwa openssl rsa -in siri.pem -pubout, ulinganishe na jibu la dig. Mara nyingi utakuta mtu alitengeneza jozi mbili akachanganya.

Je, 4096? Wapokeaji wanapaswa kuukubali, ila una herufi 736, na jibu lake halienei kwenye baiti 512 za zamani za UDP, njia ya kawaida ya kupitisha majibu ya DNS. Siku hizi EDNS, nyongeza ya DNS, huongeza nafasi, na jibu likizidi hata hiyo, swali hurudiwa kwa njia nyingine, TCP, mlango 53. Penye fayawoli inayoziba mlango huo utaona temperror, yaani makosa ya muda, zinazokuja na kuondoka, na hakuna kosa linalochosha kama lile linalojificha ukilitafuta. Mimi hubaki na 2048.

Kabla ya yote hayo, lakini, soma heda ya Authentication-Results, ambamo seva ya mpokeaji huandika matokeo ya ukaguzi wake. Ukikuta "body hash did not verify", achana na DNS. Maana yake mwili wa barua umebadilika baada ya kutiwa saini: pengine kichujio cha virusi kimeongeza mistari chini, au seva ya pili imebandika tangazo la kampuni. Kutia saini kuwe kazi ya mwisho kabla barua haijatoka. Na kama umeweka c=simple (c= hutaja jinsi barua inavyosawazishwa kabla ya kutiwa saini), jaribu relaxed/relaxed, maana simple haisamehe hata nafasi moja iliyoongezwa.

Ukisharekebisha rekodi, usikimbilie kutuma majaribio. Jibu la zamani, hata lile la "hakuna", hukaa kwenye kache hadi muda wake uishe. Iulize seva ya DNS ya kikoa chenyewe moja kwa moja kwa kuongeza @ na jina lake kwenye dig. Na ukibadilisha ufunguo, upe selekta mpya, barua2, uuache wa zamani hewani kwa siku kadhaa, kwa sababu kuna barua zilizotiwa saini jana ambazo bado ziko kwenye foleni ya mtu.