Maswali yenu na majibu: "set", kitenzi cha kukalisha

Juzi juzi nilipitisha neno tu, kwamba "set" ya Kiingereza ni herufi tatu zenye mambo ya watu wazima. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja kutoka Unguja na Pemba, mengine kwa sauti ya simu, na moja nimeulizwa uso kwa uso pale Darajani, mkono mmoja nimeshika fungu la changu. Majina siyataji, mwenye lake atalijua.

Mwalimu, assalaam alaykum. Mwanangu wa skuli ya sekondari anasema "set" ndilo neno lenye maana nyingi kuliko yote ya Kiingereza. Ni kweli au ndiyo mambo ya vijana? (Mzazi, Chake Chake)

Waalaykumu salaam. Ilikuwa kweli. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, iliipa "set" ikiwa kitenzi maana 430, na tarakimu hiyo ikazunguka kwenye vitabu vya chemsha bongo mpaka ikachakaa. Kisha wahariri wakaanza kuiandika upya kamusi nzima. Walipofika kwenye R, wakakutana na "run". Mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo miezi tisa, na alipoinua kichwa kitenzi "run" kilikuwa na maana 645. Kwa hivyo mwambie mwanao taji limeshavuliwa.

Aliyelivua ni mashine. "Set" ni neno la mikono: mtu kachukua kitu, kakiweka mahali. "Run" ikapanda injini, ikapanda gari moshi, mwisho ikaingia kwenye kompyuta, na kila chombo kipya kikaiongezea maana yake.

Wala tusiwacheke. Kaa barazani nusu saa tu uhesabu "piga" zinazopita. Huyu anapiga pasi, yule anapiga simu, watoto wanapiga mbizi, mwenye nyumba anapiga deki, mgeni anapiga hodi, fundi anapiga randa, wazee wanapiga soga, na ikifika uchaguzi sote tunapiga kura. Nani kampiga nani hapo? Mgeni anayejifunza Kiswahili ndiye anayepigwa.

Shikamoo mwalimu. Nimeziandika maana 30 za "set" kwenye daftari na zote zinanitoka. Hakuna njia nyengine? (Mwanafunzi, Mkoani)

Marahaba mwanangu. Lifunge hilo daftari.

Kwenye Kiingereza cha zamani palikuwa na "sittan", kukaa, na "settan", kumfanya mtu au kitu kikae. Wewe hayo unayajua tangu unanyonya. Lala, laza. Simama, simamisha. Kaa, kalisha. "Set" ni "kalisha" ya Waingereza, basi. Tofauti ni kwamba sisi bado tunaunda kitenzi cha kusababisha kila siku kwa kubadilisha mkia wa neno, na wao mtindo huo umewafia, wamebakiwa na mabaki machache kama hili.

Sasa chukua maana zako ujaribu. Mvuvi anakalisha dema chini ya maji: "set a trap". Sonara wa Mji Mkongwe anakikalisha kito kwenye pete. Mganga wa viungo anaukalisha mfupa uliotoka mahali pake. Wazee wanakaa na kuikalisha siku ya harusi, yaani wanaipanga, haipepei tena. Mwenye duka anakalisha bei. Kiswahili kitakupa kitenzi tofauti kila mara, kutega, kupachika, kuunga, kupanga, lakini chini yake utamkuta mtu yule yule anakiambia kitu: kaa hapa. Usiulize "set" maana yake nini. Uliza kinachokalishwa ni nini, na wapi.

Isipokuwa moja, na hiyo ndiyo inayowachanganya wengi. Seti ya vikombe, seti ya sufuria, na ile seti tupu uliyosoma kwenye hesabu, hazihusiani na kukaa hata kidogo. Hiyo "set" ilitokea Kifaransa cha zamani, na nyuma yake kuna Kilatini "secta", wafuasi, kundi la watu walioshika njia moja. Maneno mawili, nguo moja. Kama paa la nyumba na paa nunga wa Jozani: ukiyasikia ni sawa, ila moja linavuja na jengine linakimbia. Na ajabu yake, hiyo "set" ya kundi ndiyo tuliyoikaribisha sisi, tukaipa i ya mwisho, ikawa yetu.

Mwalimu, bosi wangu ananiambia "set the tables". Nikitaka kumjibu kwamba nimeshaandika meza, naitumia "write"? (Mhudumu wa mkahawa, Paje)

Umenikumbusha aibu yangu. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi msimu mmoja kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi moja nikatandika kitambaa cheupe, nikapanga sahani, vijiko, birika la chai na mkate wa ajemi, kila kitu mahali pake. Nikamwendea mzee mmoja wa Kiingereza na tabasamu langu: "Sir, I have written the table." Mzee wa watu alivaa miwani, akainama, akaanza kutafuta maandishi kwenye kitambaa. Hakucheka. Angecheka ningepata afueni.

Sema "I have set the tables". Lakini usione haya, kwa sababu kosa lenu na langu lina heshima yake. "Andika" ya zamani si ya kalamu peke yake. Ni kupanga vitu kwa taratibu yake, na ndiyo hiyo iliyobaki mezani tunaposema kuandika meza. Kuandika barua nako ni kupanga, ila unapanga herufi. Kwa hivyo "kuandika meza" ni Kiswahili safi, na anayekusahihisha useme "kuseti meza" mwambie akanywe chai.

"All set?" Wageni wanaiuliza kila dakika. (Mwenye teksi, uwanja wa ndege)

Tayari?

Mimi ni fundi ujenzi. Kijana wangu anasoma mfuko wa saruji ananambia "set" ni kukauka. Mie nahisi siyo. (Fuoni)

Mshikilie sikio, ami, kwa upole. Uko sawa wewe.

Kiingereza kina "dry" kwa kukauka, maji yanapotoka kwenye kitu. "Set" ni kushika. Na saruji haishiki kwa kupoteza maji, inashika kwa kuyala: maji yanaungana na chembe za saruji na kuwa kitu kipya kigumu. Ndiyo maana wewe mwenyewe ukishamwaga zege unalifunika magunia, na asubuhi na jioni unakwenda na ndoo kulimwagia. Kama "set" ingekuwa kukauka ungekuwa unaharibu kazi yako kila siku ya Mungu. Likikaushwa na jua kabla halijashika vizuri, linapasuka nyufa. Neno la Kiswahili mnalo nyinyi mafundi, "limeshika", na halihitaji msaada wa mtu.

Chokaa ya kuta za zamani za Mji Mkongwe nayo hushika, ila kwa njia nyengine: inavuta hewa ya ukaa kidogo kidogo na kurudi kuwa jiwe. Kazi ya polepole mno. Anayeikandika kuta hizo kwa saruji, kwa kuwa saruji inashika upesi, anaifungia unyevu ndani ya jiwe, na hayo ni malalamiko ya siku nyengine.

Jikoni ni hivyo hivyo. Faluda ikitoka motoni ni maji matupu. Ukiiacha ipoe inaganda, ukitikisa bakuli inatetemeka tu pale pale. Kwa Kiingereza "it has set". Imekaa. Na kuna kitu nakipenda hapa: mwani ambao kina mama wa Paje na Jambiani wanaufunga kwenye kamba, ukishakaushwa na kuuzwa nje, hutolewa unga uitwao karajenani, na kazi yake katika vyakula vya viwandani ni kuvipa uzito na kuvigandisha. Kwa hivyo kuna vyakula vya makopo huko Ulaya vinavyokalishwa na Jambiani.

Vijana wa siku hizi "nimeseti alamu", "nimeseti simu". Kosa? (Bibi wa wajukuu tisa, Wete)

Bibi, silali kwa ajili hiyo. Kwenye simu waache, mle ndani kila kitu ni cha wageni. Kwenye saa lakini tuna neno zuri kuliko lao: kutega. Nimeitega saa iniamshe alfajiri. Unaiona saa imejificha kama mtego, inakungojea wewe. "Seti" haina hila hiyo.

Mimi natembeza wageni baharini jioni. Kwa nini jua la Waingereza "linaset"? Limekalishwa na nani? (Nungwi)

Hili limeniweka macho. Hapo "set" haisemi nani kafanya. Jua lenyewe linakwenda kukaa. Na letu je? Linatua, kama mchukuzi anayetua mzigo bandarini, kama ndege. Wao wameliona linakaa kitako, sisi tumeliona linafika safari. Hayako mbali.

Kitenzi chetu cha zamani hasa ni kuchwa, nacho kwa sura nyengine ni kutwa. Ukisema "mchana kutwa" umesema mchana mpaka jua litue. Na "usiku kucha" ni usiku mpaka kuche. Tunayatamka hayo kila siku tukidhani maana yake ni "wote".

Wafahamishe wageni wako na jambo jengine, litakupunguzia ugomvi: saa zetu zinahesabiwa tangu jua litue. Jua likishatua, saa moja baadaye ndiyo saa moja. Mgeni akikwambia "six" ukimsikia "sita", mmoja wenu atakaa gati usiku wa manane peke yake.

Kwa nini "I set" ni jana na ni leo? (Mwanafunzi, Donge)

Kwa sababu neno linaishia na t, na alama ya wakati uliopita ilikuwa inaongeza sauti ya namna hiyo hiyo. Zikamezana. Angalia "cut", "put", "hit", "shut": ndugu moja. Sisi tuna -li- na -me- ndani ya tumbo la kitenzi, hazimezwi.

Mimi nahodha wa boti ya uvuvi. Kwenye ramani ya bahari nimeona "set north". Nikadhani wanasema tweka tanga kwenda kaskazini. Mwenzangu anasema ni upepo. (Mkokotoni)

Nyote wawili mmekosa, lakini yako ina sababu: "set sail" ni kutweka tanga kweli, na siku hizi husemwa hata kwa meli isiyo na kitambaa kimoja.

Hiyo ya ramani ni ya mkondo. "Set" ya mkondo ni upande ambao maji yanakwenda. Na hapa shika sana, kwa sababu upepo ni kinyume chake. Upepo huitwa kwa kule unakotoka, kwao na kwetu: kusi hutoka kusini, kaskazi hutoka kaskazini. Mkondo unatajwa kwa kule unakoelekea. Basi ukisoma upepo wa kaskazini na "set north" kwenye karatasi moja, si kitu kimoja mara mbili. Ni vitu viwili vinavyokuja kugongana uso kwa uso.

Wewe hayo umeyahisi mwilini kabla ya ramani. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima. Msimu wa kusi upepo unausukuma kwa nyuma, unakuwa na nguvu. Msimu wa kaskazi upepo unaupinga, mkondo unapungua kasi lakini mawimbi yanasimama wima, mafupi, yanayovunja mgongo. Kwenye mkondo wa Pemba, ule wa kina kirefu kati ya kisiwa na bara, injini ikizima na upepo ukatulia, maji yanakuvuta upande wa Kenya, si upande wa Dar es Salaam.

Na lile neno jengine lililoandikwa pembeni yake, "drift", ni kasi ya huo mkondo. Lina jamaa zake wengi nalo. Lete ramani siku ukija mjini, tulitazame pamoja.