Donati si andazi lenye tundu: aibu niliyoipata kwa mawifi

Juzi Jumamosi nimepeleka donati 140 za chokoleti kwenye sendofu moja Tabata, na sinia zimerudi tupu. Naanza kwa kujisifu makusudi, mnisamehe. Miaka mitatu nyuma donati zangu zilirudi na sinia zake, na namna zilivyorudi sijaisahau mpaka leo.

Jumapili asubuhi, sukari bado iko kwenye kucha, nikafungua simu nikakuta ujumbe wa msomaji: "Dada, unga ulikuwa unanata sana, nikaongeza kidogo kidogo mpaka ukaacha kunata. Zimetoka ngumu. Nimekosea wapi?"

Mdogo wangu, umeuliza na kujijibu humo humo. Ila ngoja nikusimulie, maana na mimi niliteleza hapo hapo ulipoteleza, tena mbele za watu.

Mimi nimekulia Ngamiani, Tanga, kwa mama muuza maandazi. Saa kumi za alfajiri niko macho, nakuna nazi, natwanga iliki. Mkono wangu umelelewa na andazi. Na sheria ya andazi kwetu ilikuwa moja: kanda mpaka donge liachane na mkono na liachane na beseni. Likinata, mama anasema una mkono mvivu, na unarushiwa konzi nyingine ya unga. Nimeolewa Dar es Salaam nikiwa na sifa hiyo. Ukweni walikuwa wakinisifia maandazi yangu hata nisipokuwepo. Kichwa kikavimba.

Sasa mtoto wa wifi yangu mkubwa akatimiza miaka saba, akataka donati za chokoleti kama zile anazoziona kwenye makabati ya vioo. Wifi akaanza kuulizia bei madukani. Nikamwambia, wifi, utatupaje hela na mimi nipo? Achia mimi.

Nilikanda unga kilo mbili kwa macho, bila mizani. Donge likanata. Nikaongeza konzi. Likanata tena, nikaongeza nyingine, mpaka likawa laini juu kama goti la mtoto, na mimi nikajipongeza. Nikakata kwa bilauri, tundu nikatoboa kwa kifuniko cha chupa ya maji. Zilipoingia kwenye mafuta zilizama, zikakawia chini, ndipo zikaibuka zimekakamaa. Rangi hudhurungi kote, hakuna ule mkanda mweupe kiunoni. Kwa chokoleti ndiyo usiseme: niliyeyusha vipande vya chokoleti, nikaona nzito, nikatia kijiko cha maji baridi. Papo hapo ikaganda chenga chenga kama matope ya mfereji. Nikaipaka hivyo hivyo kwa kisu.

Kwenye sherehe wifi alichukua moja, akaivunja katikati, akaitazama ndani, akasema kwa sauti ya kufika jikoni: "Kumbe andazi likitobolewa ndiyo linaitwa donati!" Wakacheka wote. Kicheko ningekivumilia. Kilichonichoma ni mama mkwe, ambaye hana ubaya na mtu. Alichukua donati yangu, akaigeuzageuza, akaichovya kwenye chai. Donati ya chokoleti, kwenye chai ya rangi! Alikuwa ananihurumia, na mimi nilijua. Nilirudi nyumbani na donati 41 kwenye ndoo. Mume wangu, Mungu amuweke, alizila siku tatu bila neno.

Miezi iliyofuata siisimulii, ilikuwa ni kuunguza mafuta tu. Nilichojifunza nilikipata kwa bahati. Usiku mmoja nilikanda, mtoto akawa na homa, nikaliacha donge bichi bichi linanata vibaya sana. Nikalifunika, nikalisukumia kwenye friji, nikaenda kumkanda mtoto maji. Asubuhi nikalitoa nikiwa na nia ya kuliongeza unga. Likagoma kunata! Limeumuka kwa baridi, siagi imeshikana, likasukumika kwenye kibao bila shida. Zile za siku ile ndizo za kwanza kuitwa donati nyumbani kwangu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huo: usiongeze unga. Andazi lina raha yake likiwa na mwili wa kutafuna, donati ni mwili wa hewa, na hewa haikai kwenye donge kavu.

Vipimo ninavyotumia, na ninasema vipimo, si konzi: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 60, hamira ya chenga gramu 7, chumvi kijiko kimoja cha chai, mayai mawili, maziwa ya uvuguvugu mililita 220, siagi gramu 75. Zinatoka donati 16 mpaka 18. Siagi iingie mwisho, donge likiwa limeshaanza kuvutika. Kanda dakika kumi na tano: nyanyua, bamiza mezani, kunja, rudia. Litanata mkononi kama ubani. Liache linate. Paka mkono mafuta kama huwezi kuvumilia, lakini unga uweke mbali, ikibidi mpe mtu aufiche. Maziwa nayo yasiwe ya moto, hamira ni kiumbe hai na ikifika nyuzi 60 imeshakufa. Kidole kikiweza kutulia humo mpaka ukahesabu kumi, sawa.

Kuumua siwezi kukupa saa. Dar ya Januari donge linaweza kujaa kwa dakika arobaini, na mwenzangu wa Njombe akisubiri dakika arobaini atakuta donge limelala usingizi. Tazama donge, achana na saa ya ukutani. Ukishakata, ziumuke tena juu ya vipande vya karatasi ya kuokea, kila moja na chake, ili unapozihamisha vidole visizitoe pumzi. Gusa ubavuni: kishimo kikirudi taratibu, peleka kwenye mafuta. Kikiruka mara moja, bado. Kisiporudi kabisa, umechelewa.

Mafuta yawe nyuzi 175 hivi. Kama huna kipima joto, tupia kipande kidogo cha donge: kiibuke na mapovu madogo, kipate rangi ndani ya dakika moja. Mafuta ya kuunguza hukupa donati iliyoiva nje na mbichi ndani, ya vuguvugu hukupa sifongo la mafuta. Dakika moja kila upande. Ikiwa imeumuka vizuri itaelea, na pale katikati pasipozama ndipo unapopata mkanda mweupe. Na tundu si urembo. Kuna baharia wa Maine, Marekani, Hanson Gregory, aliyedai yeye ndiye aliyelianzisha mwaka 1847 akiwa melini, kwa kuwa keki za kukaanga zilikuwa zikibaki mbichi kati. Dai lake ni lake, lakini tatizo lile nalijua.

Chokoleti ya juu nimeacha kuyeyusha vipande. Chokoleti halisi inalainika hata kabla ya nyuzi 34, sasa pandisha daladala ya saa nane mchana uone. Natumia sukari ya unga gramu 200, kokoa vijiko vitatu vya chakula, siagi iliyoyeyushwa gramu 30, maziwa ya moto vijiko vitatu au vinne, na chumvi kwa ncha ya kidole. Chekecha kwanza sukari na kokoa. Chovya donati ikiwa vuguvugu, geuza, iache ijivike ngozi. Usiifunike ingali na joto, itatoa jasho. Usiiweke friji, itatoa jasho vile vile. (Inaniuma kidogo kwamba kakao inalimwa Kyela, hapa hapa kwetu, na kopo la kokoa lililo jikoni kwangu limeandikwa limetoka nje.)

Na jamani, wanawake wenzangu, tupime. Tumelelewa kusema "weka kwa kadiri", na mwenye kadiri yake akifa anakwenda nayo. Nunua mizani kabla ya kununua sare na mabango ya biashara. Mtu anaandika "naanza biashara ya donati" wakati hajui unga wake una gramu ngapi, atapanga bei vipi? Na usione haya kuwa mwanafunzi kwa sababu eti nyumbani kwenu mmepika miaka yote. Sifa za maandazi ndizo zilizoniponza. Usiongeze unga, nimesema? Nasema tena.

Sikuwaambia kitu kimoja. Sendofu ya Tabata ilikuwa ya upande wa mume wangu, na aliyenipigia simu kuagiza zile 140 ni wifi. Alilipa nusu mapema, hakutaja ya zamani, na mimi sikutaja. Nilikuwa napanga sinia za mwisho nilipomwona mama mkwe ameketi kwenye kiti cha mbele, kikombe cha chai mkono huu, donati mkono huu. Nikasimama kumwangalia. Akang'ata, akatafuna, akanywa chai yake pembeni.

Hakuichovya.