Mfumo wa Kuingia Unapozimika

SWALI: Mhariri, katika shirika letu programu zote hufunguliwa kupitia mfumo mmoja wa kuingia. Juma lililopita mfumo huo ulizimika kwa saa moja na kazi zikasimama, ingawa seva za programu zenyewe zilikuwa nzima. Tufanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, mfumo wa uthibitishaji ukianguka huangusha hata visivyo na kasoro. Tarehe 14 Desemba 2020, huduma za Google zilizohitaji mtumiaji kuingia, ikiwemo Gmail, zilikwama duniani kote kwa takriban dakika 47, kwa sababu mgawo wa nafasi ya data wa mfumo wa utambulisho ulikuwa umepunguzwa kimakosa.

Seva ya pili ni ya lazima, lakini haitoshi iwapo zote mbili zinategemea hifadhidata moja, au cheti kimoja cha usalama ambacho muda wake ukiisha huzizima pamoja. Ninachosisitiza zaidi ni tokeni zenye saini ya kidijitali, yaani vibali vya muda ambavyo mfumo wa kuingia humpa mtumiaji akishaingia: programu huzihakiki kwa ufunguo wa umma (msimbo wa kukagua saini hiyo) iliokwisha kuuhifadhi, bila kuuliza kituo kikuu, yaani mfumo wenyewe wa kuingia, kila mara, hivyo waliokwisha kuingia huendelea na kazi hata kituo kikizimika. Gharama yake ni kwamba aliyefutiwa ruhusa hubaki ndani mpaka tokeni yake iishe muda. Kwa hiyo muda huo usiwe mrefu mno.

Wekeni pia akaunti ya dharura isiyopitia mfumo huo, nywila yake ikifungiwa ndani ya sefu, na muijaribu mara kwa mara, maana nimeona mafundi wakifungiwa nje ya mfumo uleule waliotakiwa kuutengeneza.